Kulipiwa Matibabu Si Kudumu Nayo

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu hapana mazungumzo ya ugonjwa yasiyofika kwenye fedha. Mtu akiugua, kwanza huulizwa ana nini, kisha huulizwa nani atalipa. Likishapatikana jibu la swali hili la pili watu hushusha pumzi, wakaona kazi imekwisha. "Huyo ana bima," husemwa, na jamaa hurudi kwenye shughuli zao.

Makala haya yataka kulitazama jambo hilo kwa kufuata historia ya nchi moja, Marekani, na maradhi mamoja, UKIMWI, kwani huko ndiko lilikohesabiwa kwa makini na kwa miaka mingi. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye matibabu yake yamelipiwa, je, atadumu katika matibabu hayo mwaka wa kwanza, na wa tano, na wa kumi? Wengi wetu tungejibu: kwa nini asidumu? Dawa ipo, fedha ipo, na roho yake aipenda. Hesabu zimejibu vingine.

Yafaa kwanza tujue bima yenyewe ilitoka wapi, maana asili ya kitu mara nyingi huonyesha upungufu wake. Bima ya afya huko Marekani ni jambo la juzi. Mwaka 1929 katika mji wa Dallas, jimbo la Texas, hospitali ya Baylor ilikuwa imejaa madeni ya wagonjwa wasioweza kulipa, na wengi miongoni mwao walikuwa walimu wa shule. Msimamizi wa hospitali, Justin Ford Kimball, aliyewahi kuwa mkuu wa shule za mji huo, aliwajua walimu wake na mishahara yao. Akawaambia: kila mmoja wenu atoe senti 50 kwa mwezi, na akiugua atalazwa hadi siku 21 bila ya kudaiwa. Walimu zaidi ya 1,000 wakaingia, na katika mbegu hiyo ikachipuka mipango ya bima iliyokuja kuitwa Blue Cross. Ni jambo jema lisilokanika. Lakini angalia kilichotafutwa hapo: hospitali ilipwe, na mwalimu asifilisike. Hakuna aliyeuliza mwalimu akishatoka hospitali atarudi lini kuangaliwa tena.

Miaka minne baadaye, katika jangwa la Mojave huko California, lilitokea jambo la namna nyingine. Maelfu ya vibarua walikuwa wakichimba mfereji mkubwa wa kupeleka maji ya mto Colorado katika mji wa Los Angeles. Daktari kijana, jina lake Sidney Garfield, akajenga hospitali ndogo ya vitanda 12 huko jangwani. Akatibu, walakini malipo hayakuja. Makampuni ya bima ya ajali yalichelewesha hundi zake, na kibarua mwenye homa ya kawaida hakuwa na kitu mfukoni. Garfield akakaribia kufunga milango. Hapo ndipo ilipokubaliwa kwamba kila kibarua akatwe senti 5 kwa siku, mzima na mgonjwa sawasawa, na fedha hizo apewe daktari kabla hajaugua mtu.

Kuanzia siku hiyo hesabu ya Garfield iligeuka juu chini. Zamani kila aliyechomwa na msumari mguuni alimletea pesa, na sasa kila aliyechomwa alimtia gharama. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia namna alivyokuwa akizunguka kwenye kazi, akiwaomba wasimamizi waondoe misumari iliyochomoza kwenye mbao kabla haijamwingia mtu. Tajiri wa ujenzi Henry Kaiser alimchukua mwaka 1938 kwenye bwawa la Grand Coulee, kisha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwenye viwanda vyake vya meli katika mji wa Richmond. Mwaka 1945 mpango ule ulifunguliwa kwa raia wote, na ndio unaoitwa hivi leo Kaiser Permanente, wenye wanachama zaidi ya milioni 12.

Nakuomba, msomaji, uziweke akilini bima hizi mbili. Moja hungoja mgonjwa afike na karatasi ya gharama. Ya pili hulazimika kwenda kumtazama huko aliko.

Iliyoenea zaidi ni ile ya kwanza. Wakati wa vita serikali iliwazuia waajiri kupandisha mishahara, wao wakawavuta wafanyakazi kwa kuwapa bima, na kodi ikalegezwa kwa ajili hiyo. Tangu hapo bima ya Mmarekani ikafungwa kwenye kazi yake: akiachishwa kazi, huachishwa na bima. Mwaka 1965 serikali ya Rais Johnson iliwaongezea wazee mpango uitwao Medicare, na mafukara ule uitwao Medicaid. Waliobaki katikati kila mmoja alijua la kufanya.

Tarehe 5 Juni 1981 jarida dogo la idara ya afya ya Marekani lilitoa habari ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na homa ya mapafu isiyowapata watu wenye kinga nzima ya mwili. Mwaka 1982 maradhi hayo yalipewa jina, na mwaka 1983 wataalamu wa Ufaransa, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, katika taasisi ya Pasteur mjini Paris, walikigundua kirusi chenyewe. Mwaka huo huo hospitali kuu ya mji wa San Francisco ilifungua kliniki ya wagonjwa hawa wanaokwenda na kurudi, iitwayo mpaka leo Wodi 86. Mwaka 1985 kilipatikana kipimo cha damu.

Kipimo hicho kilikuwa neema kwa benki za damu. Kwa mwenye bima kilikuwa jambo la kuogopesha. Makampuni ya bima yalianza kuwapima watu kabla ya kuwaandikisha, na aliyeonekana na virusi alifungiwa mlango. Waliokwisha kuwamo ndani nao hawakusalimika. Katika mji wa Houston alikuwako mfanyakazi wa duka la vyombo vya muziki, John McGann. Mwaka 1987 alijua kuwa ana UKIMWI, akamweleza mwajiri wake. Bima ya kazini ilikuwa ikitoa hadi dola milioni 1 kwa maisha ya mtu. Mwaka 1988 mwajiri aliibadilisha: maradhi mengine yote yakabaki na kiwango chao, na UKIMWI peke yake ukapewa dola 5,000. McGann akashtaki. Mahakama ya rufaa ilihukumu mwaka 1991 kuwa sheria haimkatazi mwajiri kufanya hivyo, na mwaka 1992 mahakama kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi. McGann mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Nadhani jambo hili liliacha jeraha lililodumu kuliko kesi yenyewe. Mtu mmoja alisema ukweli wa ugonjwa wake kwa wenye bima, na kusema kwake ndiko kulikomponza. Habari za namna hii huenea haraka, na waliozisikia walijifunza kuficha. Mwenye kuficha ugonjwa wake atauhudhuria vipi mlango wa daktari kila baada ya miezi mitatu?

Dawa ya kwanza, AZT, iliruhusiwa Machi 1987, nayo kwa mwaka iligharimu zaidi ya dola 8,000. Ilisaidia kwa muda mfupi tu, kwani virusi viliizoea. Mwaka 1990 alifariki kijana wa Indiana, Ryan White, aliyeambukizwa kwa dawa ya ugonjwa wa damu isiyoganda na kisha akafukuzwa shuleni. Miezi minne baada ya kifo chake ilipitishwa sheria yenye jina lake ya kuwagharimia wagonjwa wasio na bima, au wenye bima isiyotosha. Itakumbukwa tena mbele, kwa sababu ilikuja kufanya kazi ambayo watungaji wake hawakuikusudia hasa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996. Madaktari waligundua kwamba dawa tatu zikichanganywa pamoja, kirusi hakipati pa kupenyea. Vifo vya UKIMWI huko Marekani vilianguka kwa karibu 47 kwa mia kutoka mwaka 1996 hadi 1997. Watu waliokwisha kuandika wasia walinyanyuka vitandani. Wengine walikuwa wameuza hata nyumba kwa kudhani hawatauona mwaka wa pili, na sasa iliwapasa watafute pa kuishi.

Hapo ndipo tatizo letu linapozaliwa. Kabla ya 1996 hapakuwa na haja ya kuuliza kama mgonjwa atadumu katika matibabu, kwani hakuwa na umri wa kudumu. Baada ya 1996 maradhi yalikuwa ya maisha. Dawa haikiondoi kirusi mwilini, hukilaza tu. Ikiachwa, huamka. Mwaka 2006 ulimalizika uchunguzi uitwao SMART, wa watu 5,472 katika nchi 33, ambamo baadhi yao waliachishwa dawa kwa vipindi wakati kinga zao ziko juu, ili wapumzike na sumu zake. Ilibidi ukatishwe kabla ya wakati wake. Waliopumzishwa walipata maradhi makubwa au kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenzao walioendelea. Kumbe hakuna mapumziko.

Sasa tuje kwa watu ambao fedha haikuwa kizuizi kwao. Marekani inayo idara ya askari wastaafu, yenye hospitali na dawa zake. Hiyo si bima ya kununua, ni haki ya aliyelitumikia jeshi, lakini kwa makusudio yetu ni bora kuliko bima nyingi. Wataalamu waliwafuatia askari 2,619 wenye virusi walioanza dawa mwaka 1997 na 1998. Waligawa mwaka wa kwanza wa matibabu katika robo nne, wakatazama kila mmoja alionekana kliniki katika robo ngapi. Walioonekana katika robo zote nne walikuwa 64 kwa mia. Wengine wote, zaidi ya mmoja katika kila watatu, walikuwa na pengo. Kisha wakawafuatia kwa miaka. Aliyekosa robo moja alikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mwenzake kwa kama 42 kwa mia. Aliyekosa mbili ikawa 67 kwa mia. Aliyeonekana katika robo moja tu ilikaribia kuwa mara mbili.

Soma tena hesabu hizo, msomaji. Watu hawa hawakukosa nauli ya dawa wala hawakukataliwa na kampuni. Walikuwa na daktari, faili na duka la dawa. Walichokosa ni kufika.

Kwa nini mtu asifike? Sababu ya kwanza ndiyo ngumu kuieleza kwa asiyeugua: ni kwamba amepona machoni pake. Mgonjwa aliyedhoofika huenda hospitali hata kwa kubebwa. Aliyenenepa, anayefanya kazi na kucheka na wenzake, kliniki kwake ni siku moja kila baada ya miezi kadhaa inayomkumbusha jambo alilolisahau. Na akikosa mara moja haoni kitu. Akikosa mara ya pili huona haya kurudi, ataulizwa alikuwa wapi. Kukosa huzaa kukosa. Kwa wenye kisukari na shinikizo la damu katika nyumba zetu mambo ni hayo hayo, ila wao hawaoni haya kubeba vidonge vyao mezani.

Sababu ya pili ni kule kufungwa kwa bima kwenye kazi. Kila kampuni ya bima ina orodha ya madaktari wake. Mtu akihama kazi hupata kadi mpya, naye daktari aliyemjua miaka sita hayumo katika orodha mpya. Kwenye karatasi huyo hajawahi kuwa bila ya bima hata mwezi mmoja. Lakini ni lazima atafute daktari mgeni, aingie chumba kigeni, aseme tena tangu mwanzo lile neno ambalo ilimchukua miaka kulisema mara ya kwanza. Wako walioingia, na wako waliofika mlangoni wakarudi. Kadhalika yapo malipo madogo ambayo bima humwachia mwanachama. Nyingi hutaka atoe kiasi fulani mwanzo wa mwaka kabla haijaanza kutoa chake. Ndiyo maana Januari ni mwezi mgumu kwenye maduka ya dawa ya huko.

Sababu ya tatu ni barua. Makampuni ya bima, kila yanapolipa, hupeleka nyumbani karatasi inayoeleza nani katibiwa, wapi, na kiasi gani. Karatasi hiyo huenda kwa mwenye bima, siye lazima mgonjwa. Kijana wa miaka 22 anayetibiwa kwa bima ya baba yake huwaza juu ya bahasha ile kabla ya kuwaza juu ya kirusi. Mke naye huwaza hivyo hivyo kwa bima ya mume. Baadhi yao huamua kuiacha bima waliyo nayo wakaenda kliniki ya bure ya mbali, na wengine huamua kutokwenda popote. Sisi tuliokulia katika nyumba za ukuta mmoja na majirani, ambamo kikohozi cha chumba hiki husikika chumba kile, hatuhitaji kuelezwa maana ya sitara kwa mgonjwa. Asiyejiona amesitiriwa hukimbia hata dawa ya bure.

Ziko na sababu nyingine, ulevi, huzuni, kukosa pa kulala, nazo si ndogo. Walakini mwenye kuzitaja hizo peke yake huwa anajifariji kwamba wanaopotea ni watu wa namna fulani. Wale askari walikuwa watu wa kila namna.

Baada ya kuliona hili, palifanywa majaribio ya kuwarudisha watu, na hapa habari inafurahisha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika miji ya Atlanta, Baltimore, Los Angeles na Miami, watu waliokwisha kujua kuwa wana virusi waligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza walipewa karatasi za maelezo na anwani ya kliniki. Fungu la pili kila mmoja alipewa mtu wa kumshika mkono: kukutana naye hadi mara tano katika siku 90, kumuuliza nini kinamzuia, na akihitaji, kufuatana naye hadi kliniki. Baada ya miezi sita, waliopewa karatasi walikuwa wamefika kwa daktari 60 kwa mia, na waliopewa mtu 78 kwa mia. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya jaribio jingine katika kliniki sita, safari hii kwa watu walio kliniki tayari lakini wenye kukosa-kosa. Kazi ilikuwa kumpigia mgonjwa simu siku chache kabla ya tarehe yake, kumpigia tena akikosa, na kuzungumza naye uso kwa uso kidogo kila alipofika. Waliohudhuria bila ya kukatika walikuwa kama 56 kwa mia, dhidi ya 46 kwa wale walioachwa na utaratibu wa kawaida. Waliongezewa fungu la tatu, waliofundishwa pia mbinu za kupanga maisha yao. Mafunzo hayo hayakuongeza kitu juu ya simu na mazungumzo.

Kwa maoni yangu jambo hilo la mwisho ndilo lenye mazingatio zaidi. Watu hawakuhitaji kufundishwa. Walihitaji kujua kuwa wakikosa, yuko atakayeona.

Mwaka 2010 ilitiwa saini sheria ya afya ya Rais Obama, na tangu Januari 2014 ikawa haramu kwa kampuni ya bima kumkataa mtu au kumzidishia bei kwa ajili ya ugonjwa aliokwisha kuwa nao. Mlango uliomfungia McGann ukavunjwa, baada ya robo karne. Wengi wenye virusi waliokuwa wakitibiwa kwa fedha za sheria ya Ryan White wakapata bima. Wako waliodhani kuwa sheria ile ya zamani haina kazi tena. Ikaonekana kinyume chake: bima ilimlipa daktari, lakini ni fedha za Ryan White zilizowalipa wale wanaopiga simu, wanaotafuta nauli, wanaofuatana na mgonjwa, na wanaomjazia zile senti ambazo bima imemwachia. Mwenye bima aliyetazamwa pia na mpango huo alifanya vizuri zaidi kuliko mwenye bima peke yake.

Na kadiri mtu anavyotazama miaka mingi, ndivyo pengo linavyoonekana. Kwa desturi kliniki huhesabu mwaka mmoja mmoja: aliyefika mara mbili kwa mwaka, kwa kuachana miezi mitatu au zaidi, husemwa amedumu. Kwa hesabu hiyo kliniki nyingi huonekana njema. Lakini watu wale wale wakifuatiwa mwaka wa pili na wa tatu, ukawatoa kila mara waliokatika, idadi hushuka kama maji ya kupwa. Katika kliniki moja kubwa ya Atlanta walioanza kwa zaidi ya wanane katika kila kumi walibaki karibu nusu ulipotimia mwaka wa tatu. Si kwamba nusu walipotea moja kwa moja, wengi huenda na kurudi. Lakini kirusi hakijui kuwa huyu atarudi mwakani.

Hasara haimkalii mgonjwa peke yake. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwa uchunguzi mkubwa kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzi wake hupungua kwa 96 kwa mia, na baadaye ikabainika kwamba ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye damu hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Idara ya afya ya Marekani ikapiga hesabu ya maambukizo mapya ya mwaka 2016. Karibu 43 kwa mia yalitokana na watu wanaojua kuwa wana virusi lakini hawamo katika matibabu. Kama 38 kwa mia yalitokana na wasiojua. Yaliyobaki, kama 20 kwa mia, yalitokana na walio kliniki lakini virusi vyao havijatulia. Kwa waliotulia hesabu ilikuwa sifuri.

Ile bima ya misumari, Kaiser Permanente, ndiyo iliyotoa habari ya matumaini zaidi. Kwa kuwa daktari, duka la dawa, maabara na bima ni nyumba moja, anayekosa kuchukua vidonge huonekana kwenye daftari moja. Mwaka 2020 ilichapishwa hesabu ya wanachama wake kama 39,000 wenye virusi, wakilinganishwa na wengine mara kumi wasio navyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwenye virusi aliyefika miaka 21 alitarajiwa kuishi pungufu ya mwenzake kwa miaka 22. Kufikia 2014 hadi 2016 pengo lilikuwa miaka 9: mmoja alitarajiwa kufika 77, na mwingine 86. Wote wana bima moja. Miaka tisa bado ni mingi, na miaka ya kuishi bila ya maradhi mengine makubwa ilipungua zaidi ya hapo, kama 16. Hata hivyo, ni nani mwaka 1985 angeamini kuwa tutabishana juu ya miaka 77 na 86?

Tangu 2021 imeruhusiwa huko dawa ya sindano badala ya vidonge, ambayo sasa huchomwa kila baada ya miezi miwili. Ile Wodi 86 ya San Francisco iliijaribu hata kwa watu walioshindwa kabisa na vidonge, wengi wao wasio na nyumba za kudumu. Watu 57 walioanza virusi vikiwa vimejaa kwenye damu yao, karibu wote walitulia. Watu wakasifu sindano, nayo yastahili sifa. Lakini kliniki ile ilikuwa na watumishi waliopitia orodha ya majina kila wiki, wakampigia simu yule ambaye siku yake imekaribia, na wauguzi waliotoka kwenda mitaani kuwachoma sindano wasiofika.

Utasema, ndugu msomaji, hayo ni ya Marekani, sisi huku dawa za UKIMWI hatuzilipii. Ni kweli. Kenya na Tanzania zilianza kuzigawa bure katika hospitali za serikali katikati ya miaka ya 2000, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye mpango wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, na kwenye Mfuko wa Dunia. Mgonjwa wa Kisauni au wa Tanga asiye na kadi yoyote ya bima alikuwa, kwa dawa hizi, amelipiwa kama askari yule. Na huku pia watu walikosa kliniki, kwa sababu zile zile: kupata nafuu, kuhama, kuona haya, kuogopa kuonekana na jirani kwenye benchi. Ndipo wakawekwa wahudumu wa kuwafuatilia, aghalabu watu wanaoishi na virusi wao wenyewe, na kina mama waliojifungua watoto salama wakawa wanawapokea kina mama wenzao. Kazi yao ilikuwa kutazama daftari, kumjua aliyekosa, kumpigia simu, na simu isipopokewa kwenda kubisha hodi kwa busara, bila ya jirani kujua wamefuata nini.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mabishano yalikuwa juu ya vidonge, vitatosha au havitatosha, na baadaye ruhusa ikatolewa ili dawa za kuokoa maisha ziendelee. Lakini huko Kenya maelfu ya wahudumu waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walikwisha kuambiwa wakae nyumbani, na wenye kufuatilia waliokosa walikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Kliniki zao za peke yao zikaanza kuunganishwa na foleni ya wagonjwa wote. Katika hospitali kadhaa dawa zilikuwepo kabatini, na daftari la majina na tarehe likabaki mezani, bila ya mtu wa kupiga simu.